Udongo wa Inshirah

Jumatatu, 3 Novemba
Mwanangu Zizi anaota jino. Sijalala. Mama mkwe, Hajja Fikriya, katangaza: chumba cha nje kitakuwa jiko la mkwe ambaye maharage yake ya ful yatastawi zaidi. Jiko langu mwenyewe! Bila Inshirah, mke wa shemeji yangu, kuonja chungu changu na kuuliza kama chumvi imeadimika sokoni.

Jumanne, 4 Novemba
Bwana shamba kaja. Anasema mchanga wetu wa jangwani hauna vile vijidudu vinavyokaa mizizini na kuilisha ful. Dawa yenye vijidudu hivyo italetwa wiki ijayo. Asiyeweza kungoja achanganye mbegu na udongo wa shamba la zamani. Akaanza kueleza shamba la namna gani, lakini Zizi alikuwa anakula kiatu chake. Tukaondoka. Nimeshaelewa!

Alhamisi, 6 Novemba
Inshirah ana shamba la zamani, kando ya mfereji. Kona yake ya bersim, majani ya kulisha nyati wetu wa maziwa, ni kijani mpaka inaudhi. Adhuhuri kalala. Zizi begani, beseni la udongo wa kona hiyo kichwani, safari tatu. Ya tatu nikakutana na Hajja. Nikasema ni udongo wa mtoto kuchezea. Akauliza, "Anajenga msikiti, mwanangu?"

Jumamosi, 22 Novemba
Shamba langu kijani kote! Nikambusu Zizi, nikambusu nyati, hata mume wangu Abdel-Tawab. Akainama, akatazama, akasema hii ni bersim. Ule udongo ulijaa mbegu zake! Ful imo humo chini, njano kama mgonjwa. Bwana shamba kang'oa mche: mizizi mitupu. Anasema vijidudu vya bersim huishi na bersim. Ful ina vya kwake, na ndicho alichokuwa akinieleza. Nikamwambia angepaza sauti.

Jumanne, 16 Desemba
Hajja kakagua. Inshirah aliisubiri dawa: ful yake yafika magotini, mizizi ina vinundu vya vijidudu kama shanga. Kwangu nyati alitangulia kukagua. Jiko kapewa Inshirah. Naye ananiambia ati, "Karibu upike, mpenzi, ila chumvi uje nayo." Nimelia kidogo. Zizi kanifuta kwa kipande cha mkate.

Jumatano, 17 Desemba
Hajja kanihurumia. Chumba cha chini ya ngazi ni changu, mkate wangu ukiumuka kama wa Inshirah. Nikamuuliza Inshirah siri. Chachu, anasema, nayo ina vijidudu, hulelewa taratibu, kila mtu na yake. Taratibu! Nimeona inapokaa: rafu ya juu, nyuma ya birika. Kesho anakwenda kwa mama yake.