Heshima ya Mistari Inayopanda

Taifa lilitangaziwa Jumatatu asubuhi, kwa sala, utepe na vitumbua: Idara ya Uhakiki, Lusaka, imeanza kuwahakiki watumishi wote wa serikali kwa kompyuta, hadharani. Asiyehakikiwa ifikapo saa kumi na moja jioni ya Ijumaa, mtambo utamwandika marehemu wenyewe, bila upendeleo. Watumishi hewa wakome.

Mkurugenzi, Bwana Mabvuto Zimba, alisogeza kiti chake cha ngozi mbele ya kioo kikubwa cheusi cha kompyuta, akatazama majina yakipanda. Jina lilichorwa chini kabisa, herufi kwa herufi. Kisha kioo kizima kikafutwa na kuchorwa upya, kila mstari ukiwa umepanda ngazi moja, ndipo jina jingine likaruhusiwa kuingia. Zimba aliguswa. Katika utumishi wake wote hakuwahi kuona watu wakipanda kwa utaratibu namna ile.

Wageni wakaanza kuletwa. Naibu waziri alisimama akaiangalia herufi B kwa muda, akatikisa kichwa kizalendo, akaomba kiti.

Jumatano, wakiwa bado kwenye akina Chanda, mhandisi wa Idara, Chilufya Kasuba, aliingia na kupiga magoti kidogo kwa adabu. Kasuba ni Mbemba, Zimba ni Mngoni. Hao ni watani, na mtani hakasirikiwi.

"Mkubwa, kompyuta haina uvivu," alisema. "Inamhakiki mtu kabla hujapepesa jicho, halafu inakaa tu kusubiri kioo kimalize kuchora. Tuzime haya maonyesho, kazi iishe kabla chai yako haijapoa. Tukiacha hivi, Ijumaa hatufiki mwisho."

Zimba alicheka mpaka kiti kikalia. "Wabemba bwana. Mmemaliza kula nyani wote porini, sasa mnakitaka kioo changu."

Hapo ndipo Kasuba alipokosea. Mbemba akichokozwa na Mngoni hawezi kunyamaza, ni kama kupiga chafya. "Afadhali nyani, mkubwa. Nyinyi panya mnamla na mkia wake. Lakini nasema kweli."

Baada ya hapo hakuna mtu chumbani aliyeweza kuliita onyo lile onyo. Lilikuwa utani, tena mzuri. Naibu waziri alilirudia kwenye simu.

Ili kuukoleza, Zimba alitoa waraka. Ni marufuku kuzima kioo. Herufi zikuzwe, wageni wa nyuma nao wasome. Badiliko lolote la mwendo lifunguliwe kwa nywila ya Kamati ya Mwendo, kila mjumbe akishika kipande chake, nayo Kamati hukaa Jumanne.

Herufi kubwa, kama Kasuba alivyotegemea, zilichorwa taratibu zaidi. Halafu zikaja M. Nchi ile ina akina Mumba, Mwansa, Mwape na Mwila wengi kuliko maelezo, na wote walipanda, mmoja mmoja, mpaka Ijumaa mchana. Walipofika kwa akina Sakala ndipo Zimba alipokumbuka jina lake linaanza na nini.

Alimwita Kasuba, akamwambia kwa sauti ya chini azime kioo. Kasuba akamweleza kuwa nywila imegawanywa kwa wajumbe wote wa Kamati, kama waraka ulivyoagiza, na wajumbe ni watu wazito: Ijumaa mchana walishakwenda mashambani kwao. Zimba akajaribu kukipigia makofi kioo ili kiharakishe. Wageni wakadhani ni desturi, wakapiga nao.

Saa kumi na moja ilimkuta mmoja wa akina Tembo akichorwa nusu. Wengine wote, mpaka Zulu wa mwisho, wakaandikwa marehemu.

Idara haikubabaika. Walinzi walivua kofia. Viti vikatolewa nje, kina mama wakaketi sakafuni, wanaume wakawasha moto uani. Na kwa kuwa msiba wa Mngoni huendeshwa na watani zake, Kasuba aliitwa kushika usukani. Alianza kwa kukikalia kile kiti cha ngozi.

"Chilufya, mimi ni mzima," Zimba alimwambia. "Si unaniona nimesimama?"

"Nakuona, mkubwa. Ila ombi la kufufuka linapitia kioo hichohicho, na tunaanza Jumatatu na A."

Zimba akapiga magoti, si kidogo. Akaapa kwa mama yake kwamba hafanyi mzaha, kwamba mshahara wake, nyumba na gari vimo ndani ya ile herufi, na kwamba aliyetoa waraka ule hakuwa na akili. Sauti ilimtetemeka vizuri sana.

Msiba mzima ukaangua kicheko. Hata kina mama sakafuni walijifuta machozi kwa vitenge. Naibu mkurugenzi, aliyeombwa kusema machache, alisimama akasubiri watulie, kisha akasema kwa masikitiko kwamba marehemu alikuwa mcheshi hadi dakika ya mwisho.