Uzinduzi wa Kituo cha Kupima Mbwa Chotara, Bonde la Valdorsa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Umoja wa Wafugaji, Baba Paroko, Ndugu Kamanda wa Walinzi wa Misitu, waheshimiwa madiwani mliofika na mliotuma udhuru, mabibi na mabwana: mimi, Ersilio Tabarelli, Mjumbe wa Halmashauri anayesimamia Mifugo, Misitu na Mahusiano Mema, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu ambao wengi wamekuwa wakinisifia. (Makofi, safu ya mbele.)

Tangu mbwa mwitu warejee milimani kwetu, bonde limegawanyika, hata ndugu hawasalimiani. Bwana Severino Callegher, mchungaji, alipoteza kondoo tisa mwezi Mei, akasema aliyewala ni Brina, mbwa chotara wa Mwalimu Fiorenza, kwa kuwa mama yake Brina alizaa na mbwa mwitu. (Severino: "Nilisema huenda.") Ulisema, Bwana Severino, imo kwenye kumbukumbu. Ndipo ofisi yangu, kwa kuzingatia mchakato, ikamtuma mlinzi, naye akampiga Brina risasi mbele ya duka la mikate, Brina akiwa na kola nyekundu shingoni, akimsubiri Mwalimu atoke. Siku tatu baadaye kondoo wengine wanne wakaliwa, jambo linalothibitisha kitaalamu kwamba Brina alikuwa na washirika.

(Mwalimu Fiorenza anasimama: "Ersilio, yule alikuwa akimkimbia hata paka wa Baba Paroko. Wewe mwenyewe ulikuwa ukimlisha jibini mkononi.") Mwalimu wangu, jibini ile niliitoa kwa nafasi yangu binafsi, si kwa niaba ya ofisi.

Utafiti wetu shirikishi unaonyesha kwamba asilimia themanini na saba ya wakazi wanawaogopa mbwa chotara, na asilimia sabini na nne wanawapenda. Tumejumlisha tukapata asilimia mia moja sitini na moja, kiwango ambacho hakuna bonde lingine lililokifikia. (Mtu anacheka, anajifanya anakohoa.) Kwa msingi huo nazindua Kituo hiki cha kisasa, chenye maabara ya kupima mate na kompyuta ya kusoma tabia, na natangaza kwamba kuanzia kesho asubuhi mbwa yeyote mwenye sura ya mbwa mwitu, asiye na cheti cha Kituo, atapigwa risasi.

(Minong'ono. Severino: "Mzee, mimi pia ninao wawili wa sura hiyo, ndio wanaonilindia kondoo waliobaki. Hicho cheti nakichukulia wapi?") Swali zuri sana, nitalijibu kwenye shukrani.

Mbwa mwenye cheti! (Sauti mbili: "Mbwa mwema!") Bonde lenye Kituo! (Kimya.)

Namshukuru mkandarasi, ambaye hakufika kwa kuwa hajateuliwa. Mchora ramani, atakayeanza kazi tukishapata kiwanja. Na mwenye malisho haya, aliyetuazima hadi saa sita, maana ng'ombe wake wanarudi. Bwana Severino, cheti kitatolewa Kituoni, siku Kituo kitakapokuwepo. Risasi, kwa bahati nzuri, zimeshafika. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Hakuna makofi. Severino anavua kofia mbele ya Mwalimu Fiorenza: "Nisamehe, Mwalimu." Mwalimu anaondoa mkoba wake kwenye kiti cha pembeni ili Severino akae.)