Malalamiko Kuhusu Kulazwa Langoni

Kwa Mzee Amolo,
Dunga, Kisumu.
11 Juni 1972

Ndugu Katibu,
Kamati ya Kubadilishana Wanafunzi wa Afrika Mashariki,
Arusha.

Yahusu: KUTOLEWA KWANGU KATIKA NYUMBA KUBWA

Ndugu Katibu,

Natumai u mzima, na kwamba kazi ya kuwaunganisha watu wa Afrika Mashariki haijakuchosha. Mimi imeanza kunichosha, ndiyo maana naandika.

Mimi ni Damiano Semkiwa wa Ngamiani, Tanga, uliyenileta huku mwezi wa Januari nisome mwaka mmoja na kuishi kwa Mzee Amolo, fundi wa mashua, na mkewe Mama Seline. Mtoto wao mkubwa, Ouma, ukampeleka Tanga akaishi kwa mama yangu. Juma lililopita nilikuandikia kwa ufupi nikiomba nihamishwe. Ulinijibu upesi, nami nashukuru, kwamba nafasi ipo kwa familia moja ya Nakuru, kwamba gari litakuja kunichukua mwisho wa mwezi, na kwamba nieleze kwanza sababu zangu zote kwa ukweli bila kuficha. Nazieleza.

1. Kushiba. Kwetu mtu akisema ameshiba, mazungumzo ya chakula yamekwisha. Hapa ndipo yanapoanza. Mama Seline hushika kiuno na kuuliza, "Kwani chakula yangu iko na nini?" kisha humwita jirani, Bwana Walubengo, anayefanya kazi bandarini, aje anitazame kama nina homa. Bwana Walubengo akifika hupewa sahani yake, kwa hiyo hana haraka ya kunitetea. Nimenenepa kiasi kwamba suruali ya shule niliyokuja nayo sasa anaivaa Dalmas, mtoto wao wa pili.

2. Nazi. Nilisema mara moja tu, tena kwa sauti ya chini, kwamba nyumbani samaki tunampika kwa nazi. Mama Seline alilishika neno hilo. Jumamosi akatoka sokoni Kondele anakouza omena, wale dagaa wa ziwani, akapita maduka ya Wahindi mjini, moja baada ya jingine, mpaka akapata nazi moja, ambayo nadhani iliwekwa kwa ajili ya ibada. Jumatatu akaichemsha. Nzima, pamoja na kifuu chake, tangu asubuhi, huku akiidunga kwa uma aone kama imelainika. Niliporudi jioni nilikuta kuni za juma zima zimekwisha na mama wa watu anatokwa machozi kwa moshi, ananiambia kwamba chakula cha kwetu kina roho ngumu. Yale maji niliyanywa kama mchuzi. Naomba Kamati iandike mahali kwamba niliyanywa.

3. Salamu. Nilipofika nilimwamkia Mzee Amolo, "Shikamoo," naye akanijibu, "Mzuri sana." Nilivumilia. Baadaye akaenda akauliza watu, akafundishwa, na tangu hapo akiniona tu kwa mbali natoka shule hupaza sauti, "Marahaba!" kabla sijafungua mdomo. Nalazimika kumfuata na shikamoo yangu nyuma ya marahaba yake, na wavuvi wote wa Dunga wanatucheka.

4. Misiba. Sikuambiwa Arusha kwamba nitakuwa msemaji wa Tanzania makaburini. Kila Jumamosi huvalishwa koti la Ouma, hupelekwa msibani, husimamishwa mbele ya watu na kuombwa nitoe rambirambi kutoka nchi jirani kwa Kiswahili cha pwani, ambacho wafiwa hawakielewi sana lakini husema kinafariji. Sifa zimeenea. Majuzi watu wa Bondo walinialika kwenye mazishi ya mzee wao ambaye, mwaliko uliponifikia, alikuwa bado mgonjwa tu. Nasikia sasa amepona, na kuna wanaonitazama kana kwamba nimewaangusha.

5. Hapa nilikuwa nimeandika lalamiko kuhusu mbu. Nimelifuta, kwa kuwa mbu ni wa ziwa, si wa Mzee Amolo.

6. Ouma. Mama yangu ananiandikia kwamba kijana huyu hulala kitandani kwangu, huamka mapema, huteka maji bila kutumwa na huosha sahani yake mwenyewe. Katika barua ya mwisho aliniuliza, kwa upole wa kutisha, kama masomo yangu huku hayawezi kurefushwa kidogo.

7. Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Tangu nije nimekuwa nikilala nyumba kubwa, sebuleni, katika kitanda chenye foronya zilizotariziwa, kama inavyompasa mjumbe wa taifa. Mwezi uliopita Mzee Amolo alinikuta uani ninanyoa ndevu. Akasimama, akanitazama kidevu mpaka nikajikata, akaondoka. Jioni akatangaza mbele ya wote kwamba kijana anayenyoa hawezi kulala nyumba moja na mama.

Ndugu Katibu, niliipekua dhamiri yangu yote. Sijaiba. Sijamtukana mtu. Sijamtazama binti wa mtu isipokuwa Lornah wa kwaya, na huyo kanisa zima humtazama.

Wakaanza kunijengea kibanda huko langoni, upande wa kushoto wa kuingilia boma, mahali ambapo mwizi akija atanikuta mimi kwanza. Upande wa kulia ipo nyumba ya Ouma, tupu, imefungwa kufuli. Hata hiyo sikuonekana kuistahili. Na walivyofurahi! Mzee alichimba shimo la nguzo ya kwanza kwa mkono wake. Bwana Walubengo akabeba maji ya kukandia udongo. Wanawake wa jirani wakakandika kuta huku wakiimba, na jogoo akachinjwa. Sijapata kuona mtu akifukuzwa kwa shangwe namna ile. Ambaye hakushangilia ni Dalmas peke yake. Hajanisemesha tangu siku hiyo, na nadhani ndiye pekee mwenye huruma katika boma hili.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hiyo naijua, na jembe nilipewa, nikachimba nalo udongo wa kufukuzwa kwangu mwenyewe. Lakini hakuna methali inayosema ya nne mtupe langoni. Niliumia. Nasema wazi, niliumia, kwa sababu nilikwisha kuwapenda watu hawa, na mtu hupenda aambiwe kosa lake.

Udongo umekauka, na juma hili natakiwa kuhamia. Kwa hiyo naomba gari lisingoje mwisho wa mwezi. Na kwa kuwa mpango wetu ni wa kubadilishana, na haki sharti ilingane pande zote, naomba pia Ouma atolewe kitandani kwangu alazwe langoni kwetu Tanga. Najua kwetu hakuna lango. Ukitoka mlangoni umekanyaga barabara. Basi Kamati ijenge lango kwanza. Na kama lango litaziba barabara, wenye barabara waihamishe, maana umoja hauji bila kujinyima.

Nisalimie wajumbe wote wa Kamati, karani wako, na yule mpiga chapa aliyeniandika "Damiana" katika barua ya safari. Mzee Amolo anakusalimu. Anadhani naandika kumsifu. Mama Seline anakusalimu pia na ameniuliza kama unapenda omena. Nimemjibu kwa niaba yako kwamba unapenda sana, kwa hiyo kifurushi kinachonuka ni chako.

Wako katika ujenzi wa umoja, na sasa wa kibanda,

Damiano Semkiwa

Nyongeza ya Jumatatu:

Dalmas amenisemesha. Nilikuwa nafunga sanduku langu, nikamshukuru kwa kunihurumia, naye akanirushia kiatu. "Nani amekuhurumia? Hiyo upande ni yangu! Ouma ako kulia, mimi nilikuwa kushoto. Sasa Baba amekupea wewe, mimi nangoja nyuma yako, halafu ni wewe unanuna?"

Ndipo akanieleza, kwa hasira, jambo ambalo kila mtoto wa ufuko huu analijua na mimi, msomi wa Tanga, sikulijua: kwamba langoni hujengewa kijana wa boma akishakuwa mtu mzima, mmoja baada ya mwingine kwa kuzaliwa, wa kwanza kulia na anayemfuata kushoto. Nimemzidi Dalmas umri. Mzee Amolo, alipowahesabu wanawe, alinihesabu na mimi.

Nilimfuata Mzee ufukweni. Alikuwa ameinama kwenye mashua anaziba nyufa. Sikujua pa kuanzia, nikamwuliza tu kwa nini hakuniacha sebuleni hadi mwaka uishe. Hakusimamisha kazi. "Hapo ni pa mgeni," alisema. "Mgeni hatuwezi jengea, kijana yangu. Tutamjengea ya nini, na yeye anaenda?" Kisha akaniuliza kama sikuipenda nyumba hiyo. Nilimwambia naipenda, nikageuka upande wa ziwa ili asinione uso.

Ndugu Katibu, malalamiko yote niliyoandika hapo juu ni ya kweli, na kwa kuwa uliagiza ukweli sikufuta hata moja ila lile la mbu. Tafadhali usiyafanyie kazi. Ouma alale anapolala. Gari lisije, na kama limekwisha kutoka, dereva apewe chakula arudi. Kazi yako ni kuwatafutia wageni wenyeji, na ni kazi njema, lakini mimi usinitafutie tena. Nina kwangu.