Ndege Iliyotua Bila Mimi

Leo sina uso. Nawaandikia nikiwa nimejifungia kibandani mwangu, na bado nasikia watu wakipita njiani wananiita "Piloti!"

Jamaa zangu wa Kigoma mnanijua: redio hainishindi. Tangu nirudi huku Gisenyi nimefufua redio za nusu ya mji. Basi kaka yangu aliyeko Ubelgiji akanitumia jeti ya kuchezea, ile inayorushwa kwa rimoti. (Kuchezea ni jina tu. Ina urefu wa mtu mzima aliyelala, na injini yake inakunywa mafuta.) Nimeiunga kwa miezi mitatu. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuirusha kwa mara ya kwanza.

Sasa, kulikuwa na jambo. Mzee Rajabu, baba yake Zaina, hajakubali nimuoe binti yake. Anasema sina kasoro nyingine, ila sisikii la mtu. Nikamwalika uwanjani, aone mwenyewe mkwe wake ana akili kiasi gani.

Mzee ana duka la betri sokoni. Jana nilipopita pale akaniuliza rimoti inatumia mawe mangapi, maana huku betri tunaziita mawe. Nikamwambia manane, tena ninayo, nimeyaanika juu ya bati siku mbili.

"Mawe ya kuanika ni ya kusikiliza habari," akasema. "Ya ndege, tia mapya. Sikia, mutoto."

Akaniwekea manane mapya juu ya meza. Nikayaacha palepale. Mimi, fundi, nifundishwe betri? Wakati wa vita mji mzima ulipata habari kwa mawe ya kuanika, na yakilegea unayang'ata kidogo, yanaamka. Nani asiyejua hilo?

Asubuhi majirani wanne waliibeba ndege mpaka uwanja wa mpira wa Rugerero kwa ingobyi, ile machela ya kubebea wagonjwa. Njia nzima watu walitupisha na kutupa pole. Mama mmoja akauliza mgonjwa ni nani. (Ningejua yanayokuja, ningemjibu ni mimi.)

Uwanja ulikuwa umejaa. Konseye, yaani diwani wa sekta yetu, alikuwa ametoa ruhusa kwa sharti moja, kwamba atafungua kwa hotuba. Bon, huku hakuna kitu kinachoanza bila hotuba. Nikawasha rimoti, nikasimama tayari. Akaongea maendeleo, akaongea usafi, akarudi kwenye maendeleo. Watu wakipiga makofi, mimi nautikisa mkia wa ndege kwa rimoti, kama vile inashukuru. Watu wakacheka. Zaina akacheka. Nikatikisa tena. Saa nzima!

Hotuba ilipokwisha nikaona taa ya rimoti imefifia. Nikawapa watu mgongo, nikatoa mawe, nikayang'ata moja moja, nikayarudisha. Taa ikawaka vizuri. Fundi ni fundi.

Na jamani, iliruka! Ikapita juu ya mikaratusi, ikalala upande, ikazunguka uwanja mzima. Mzee Rajabu mwenyewe alisimama kwenye kiti chake. Nikamwangalia kama mtu aliyeshamaliza kuoa.

Mzunguko wa pili, taa ikazimika. Nikasukuma kushoto. Nikasukuma kulia. Ndege haina habari na mimi. Ikaendelea kuzunguka upande uleule, na vidole vyangu vinahangaika kwenye kitu kilichokufa. Nikasoma dua zote ninazozijua, na moja ya safari ya majini. Mwishowe mafuta yakaisha, injini ikanyamaza, na ndege ikateremka taratibu ikakaa katikati ya shamba la maharage. Haikuvunjika hata bawa.

Uwanja ulilipuka kwa shangwe. Konseye akanikumbatia. Hapo ndipo ningenyamaza. Lakini nilichukua kipaza sauti chake, nikaeleza jinsi nilivyoizima injini makusudi na kuilaza kwenye maharage kwa kidole gumba kimoja, ili isiumie.

Mzee Rajabu akaja polepole, akaomba aishike rimoti. Akafungua kifuniko cha nyuma. Akatoa jiwe moja, akaligeuza juani, akalitazama. Kisha akanitazama mdomoni.

"Cheka," akaniambia.

Nikacheka. (Ningefanyaje?)

Mnaukumbuka mwanya wangu wa mbele. Kila jiwe lilikuwa na alama ya jino, nafasi pana, alama ya jino. Konseye akalipokea, akalilinganisha na mimi, akampa wa pembeni yake. Mawe manane yakazunguka uwanja mzima, kila mtu anaangalia jiwe halafu ananiangalia. Zaina alikuwa amejifunika uso kwa kitenge, mabega yanatikisika.

Mzee akanisogezea kipaza sauti. "Ndege, nani aliishusha?"

Nilitamani ardhi inimeze. "Ilishuka yenyewe, baba. Mimi nilikuwa naiambia tu. Haikunisikia."

"Haikusikia." Akanirudishia rimoti. "Inauma, eh?"

"Inauma sana, baba."

"Donc sasa unajua namna mi najisikia nikikuambia kitu. Kuja Jumapili na wazee wako, tuongee."

Kwa hiyo Jumapili naenda kuposa, mawe mapya yamo mfukoni. Naombeni msinicheke. Mimi mwenyewe siku hiyo nitafurahi mdomo ukiwa umefungwa.