Kishikwambi Badala ya Mbuzi

Jumamosi, 5 Julai

Leo nimefanya biashara ya maisha! Nimempa Sabiri wa Mnyuzi beberu wa mahari, naye kanipa kishikwambi. Nimeondoka mbio kabla akili haijamrudia.

Beberu alikuwa wa mjomba wa Hamisa, mchumba wangu. Kwao mahari mengine yote yanazungumzika, lakini mbuzi wa mjomba asipofika, ndoa hakuna. Na mjomba mwenyewe, Mzee Mbaruku wa Mashewa, ana mbuzi mpaka wanamlalia mlangoni. Wangu angemwona saa ngapi? Nikamtuma mshenga wangu, Mzee Mhina, aulize kama mjomba atapokea kishikwambi. Jibu limekuja jioni: atapokea, ila atakikagua kama anavyokagua mbuzi. Jumamosi ijayo.

Mama kauliza beberu yuko wapi. Nimemwambia amepanda cheo. Hakucheka.

Jumapili, 6 Julai

Nimekiwasha vizuri. Jamani! Kioo kina manjano! Si manjano ya kutisha. Kama shuka jeupe lililofuliwa kwa maji ya mto. Nimefungua picha ya Hamisa, nusura nimkimbize hospitali. Macho manjano, meno manjano, mtandio mweupe wa Idi kama umemwagikiwa mchuzi.

Sasa, ni kibovu au ndivyo vilivyo? Mbuzi mzima namjua alivyo. Kishikwambi kizima kikoje? Sijawahi kuwa nacho hata kimoja!

Nimempigia Sabiri. Kasema, "Mgosi, hiyo ndiyo rangi ya kiwandani." Nyuma yake nikasikia beberu wangu analia. Kaitambua sauti yangu. Kidogo tulie wote.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba, watu wapo majumbani. Nimekizungusha Chanika nzima kutafuta hukumu.

Jirani yetu Mzee Ponsiano kakitoa nje juani, kakiinamisha, kakipuliza, kasema kizima kabisa. Mkewe kakiingiza ndani kwenye giza, kasema kinaumwa ini. Vijana wa bodaboda wakagawanyika, nusura wapigane. Mmoja akasema nikiweke karibu na kitu cheupe ndiyo nijue. Nikakiweka kwenye fulana yangu nyeupe. Wakacheka, wakasema kwanza tuamue fulana yenyewe.

Mchana nimekiweka kando ya wali wa mama. Manjano! Jioni nikakiweka kando ya ugali wa dona. Cheupe pe!

Hapo akili ikafunguka. Kitu hakiwi kibovu peke yake. Ubovu unaletwa na jirani yake! Nikikitafutia jirani mbaya, changu kitang'aa.

Mama kasema nile, ugali unapoa.

Jumatano, 9 Julai

Nimeenda kwa Glory mwenye steshenari. Kishikwambi chake cheupe kama maziwa, ndicho anachopigia watu picha za paspoti. Nimemwomba aniazime nikawaonyeshe wakwe mfano. Sijadanganya! Kasema sawa, ila Jumapili asubuhi kiwe mezani, picha za wanafunzi zote zimo humo. Halafu akataka kukiona changu. Nikakificha ndani ya shati. Mtu wa fani yule, angegundua ubovu palepale.

Kaniita chizi. Nimemshukuru, nimeondoka nacho.

Ijumaa, 11 Julai

Kazi imekamilika. Nimetafuta nailoni ya manjano, ile ya kufungia zawadi, nimeikata saizi ya kioo cha Glory, nimeibandika pembeni na gundi kidogo. Juu nimepaka vumbi la mkaa. Maskini, kinasikitisha! Nikiviweka pamoja, cha Glory ni mgonjwa mahututi, changu ni ndugu yake aliyekuja kumtazama.

Nimejipongeza kwa soda. Hamisa katuma ujumbe, kauliza kwa nini nisipeleke tu mbuzi. Wanawake hawaelewi teknolojia.

Jumamosi, 12 Julai

Sijui nianzie wapi.

Tumefika Mashewa, mimi na Mzee Mhina. Wazee wamekaa kwenye mkeka. Nimetoa shikamoo mpaka midomo imekauka. Mjomba kakipokea kishikwambi changu, kakipima uzito, kakigonga mgongoni, kakitazama kama mtu anayetafuta meno. Akasema macho yake yana manjano.

Nilikuwa nimejiandaa! Nikachomoa cha Glory, nikasema wazee wangu, ili mjue mzima, nimewaletea na mgonjwa. Nikaviweka pamoja. Mzee Mhina akaanza kunifinya paja. Nikadhani ananipongeza.

Mjomba akatabasamu. Akauliza kama vyote viwili nimevileta mwenyewe, kwa mikono yangu, mpaka uani kwake. Nikasema ndiyo, kwa sauti. Akasema ahsante sana mwanangu. Bwana harusi akifikisha mbuzi wawili uani, mjomba huchagua mmoja. Wazee wote wakaitikia, ndivyo ilivyo toka kwa mababu. Mzee Mhina akaacha kunifinya. Hakukuwa na haja tena.

Nikajipa moyo, atachagua kizuri, yaani changu. Mjomba akapitisha ukucha pembeni mwa kile cha Glory. Akasema amekaa mnadani maisha yake yote. Mbuzi mbovu hupakwa mafuta. Ukimwona aliyepakwa matope, uliza kwa nini. Akavuta. Nailoni ikatoka yote, pwaa! Mwanga mweupe ukampiga usoni. Vigelegele! Na mimi nimepiga makofi. Ningefanyaje?

Kurudi, mimi na Mzee Mhina tumepanda magari tofauti Korogwe.

Jumapili, 13 Julai

Nimemweleza Glory. Hakufoka. Heri angefoka. Kasema lete hicho chako. Kauliza kina ugonjwa gani, nikamwambia manjano. Akateremsha kidole juu ya kioo, akabonyeza mahali pamoja tu.

Pap! Cheupe! Cheupe kuliko wali!

Kasema kile ni kitufe cha kupumzisha macho usiku, Sabiri alisahau kukizima, na mtoto wa chekechea anakijua. Kilikuwa kizima! Wiki nzima kizima! Kingefika Mashewa peke yake, kikabonyezwa, leo naitwa mkwe. Nimekaa chini, pale pale mlangoni kwa Glory. Wateja wananiruka.

Nikamwambia basi achukue hiki, kimepona. Kasema yeye anataka chake, chenye watoto wa watu ndani. Kafunga duka, kaenda Mashewa.

Jumatatu, 14 Julai

Sijala. Mzee Mhina kaja na habari, kasimama mlangoni, kakataa kukaa.

Glory karudishiwa kishikwambi chake, na mjomba kampa kuku wa pole. Mimi nimepewa salamu. Mjomba hataki tena kitu chenye mwanga. Anataka mbuzi, wa miguu minne, Jumamosi hii. Nisipomleta, basi.

Halafu la mwisho. Glory alipofika pale alimkuta kijana anamposa Hamisa. Sabiri! Na beberu mkononi! Beberu wangu! Mjomba kamkagua meno, macho, kwato, hakupata dosari hata moja. Dosari ataipata wapi, kalelewa na mama yangu! Kuna kilichomkwamisha Sabiri tu: Hamisa kasema hajibiwi mtu mpaka Jumamosi ipite.

Mama kasikia yote akiwa jikoni. Kasema kumbe kweli beberu amepanda cheo.

Jumanne, 15 Julai

Nimelala mchana kutwa. Hamisa katuma ujumbe: "Hiza, nakusubiri. Lete mbuzi. Mbuzi tu. Usilete maarifa."

Nimeusoma hadi chaji ikaisha. Mtu anayekusubiri hivyo unampata wapi tena? Nimelia kidogo. Mama kadhani ni vitunguu, akanipa vingine nimenye.

Alhamisi, 17 Julai

Nimeamka mapema kama mtu mwenye akili. Nimekipeleka kishikwambi mnadani, nimekibadilisha kwa beberu. Mbuzi tu, kama Hamisa alivyosema!

Ana kikohozi kidogo. Jicho moja linatazama juu. Nimemuuliza mwenye mali kama huyu ni mzima, kasema mbuzi wa aina hii ndivyo walivyo. Nimeridhika. Sijawahi kumiliki wa aina hii.

Nyumbani mama kamzunguka mara mbili, kaingia ndani, kafunga mlango.

Nikamweka kando ya beberu wa Mzee Ponsiano. Lo! Ubovu wote ukajitokeza! Lakini mimi somo hili nalijua tangu Sabasaba. Shida si mbuzi wangu. Shida ni jirani yake.

Nimezungumza na Mzee Ponsiano, kakubali kuniazima beberu wake mpaka Jumamosi jioni. Mnono, anang'aa mpaka unajiona ubavuni mwake. Ndoo ya matope nimeshaikoroga, iko nyuma ya choo.

Jumamosi naenda Mashewa na mbuzi wawili. Sabiri ajiandae!