Mashine ya Mifupa ya Docteur Alfani

Alfani alisikia daktari akisema redioni kwamba mwenye mifupa dhaifu mara nyingi huwa pia na mishipa ya moyo iliyoanza kukakamaa. Daktari alipofika mahali pa kuwaambia watu waende hospitali, Alfani akazima. Hapo hapakumhusu. Kisangani nzima ina mifupa, na kila mtu ana moyo. Riziki kama hiyo Mungu haigawi mara mbili.

Akachukua chaja ya betri iliyokufa, akaifungia taa nyekundu na kengele, akavaa koti jeupe, akaenda moja kwa moja sokoni kwa Mama Générose. Huyu alikuwa mjane mwenye ghala la maharagwe, aliyesifika kwa kuwakamua wateja hadi tone la mwisho.

"Mama, weka mukono hapa."

Kengele ikalia. Alfani akatikisa kichwa kama padri mazishini.

"Mifupa iko na matundu sawa chujio. Chokaa inatoka mule, inaenda kuziba mishipa ya moyo. Niko na dawa ya unga..."

"Dawa acha kwanza, docteur. Mutu mwingine akiweka mukono, inalia?"

"Inalia kwa kila mwenye shida."

"Donc inalia kwa wote." Macho ya mama yaling'aa. "Uniuzishie mashine."

Alfani alikataa mara tatu, kwa kuwa hata uongo una adabu zake. Mara ya nne mama akafunua turubai nyuma ya magunia. Ilikuwa pikipiki, au moto kama wanavyoiita Kisangani, karibu mpya. Alfani alimeza mate.

"Tubadilishane," akasema mama. "Lakini tuandike karatasi. Mimi niko mutu wa kanisa."

Aliandika kwa Kifaransa kirefu, akagonga muhuri wa duka. Kifaransa cha Alfani kilitosha kusalimia na kudanganya, si kusoma. Akatia sahihi huku akitabasamu, akaiwasha pikipiki, akatimua vumbi, akilenga kivuko cha Lubunga kabla mama hajazinduka.

Kivukoni askari wawili wa kambi ya polisi ya Kapalata waliizunguka pikipiki, wakainama kusoma namba.

"Hii moto iko ya commandant. Iliibiwa mbele ya Pasaka."

"Mimi nimeipata leo kwa Mama Générose," Alfani akasema, akichomoa karatasi mfukoni. "Karatasi njo hii."

Askari mkubwa akasoma, akitafsiri polepole:

"'Mimi Alfani nakubali Mama Générose amenirudishia leo moto yangu, yenye nilimuachia mbele ya Pasaka aichunge. Yeye hakujua niliitoa wapi.'"

Alfani akaomba asomewe tena. Askari akasoma tena, kwa furaha. Hapo ndipo Alfani alipoelewa kwa nini pikipiki nzuri vile ililala chini ya turubai.

"Signature iko ya nani?"

"Yangu, chef."

Walimkataza kuiwasha. Aliisukuma kwa miguu kuelekea Kapalata, jua likimchoma kupitia koti jeupe, na njia ikapita sokoni. Mbele ya ghala watu walikuwa wamepanga mstari hadi barabarani, na ndani kengele ya mashine ilikuwa ikilia. Mama Générose akampungia mkono kwa upole, kisha akaita anayefuata.