Mshale wa Mwisho

Wenzangu wa chuo, isomeni barua hii kwa zamu, halafu muichome. Leo nimeaibika mbele ya kijiji kizima.

Jana lori la kubeba majani ya chai lilifika kwenye banda letu la kupimia chai, huku upande wa Kapkatet, likaondoka karibu tupu. Watu hawakuchuma. Walikuwa wamesikia haliji. Sasa majani yamekomaa shambani na kiwanda hakiyataki.

Leo asubuhi mwenyekiti wa banda, Mama Chepkoech, akaita mkutano. Nikajitolea kusaidia. (Mwalimu wa hesabu hawezi kunyamaza.) Nikabandika karatasi kubwa ukutani, nikawaeleza kwamba uvumi huenea kama homa: kuna ambao hawajasikia, kuna wanaosambaza, na kuna waliosikia wakachoka kuusema. Nikaandika na fomula. Wazee wakaitikia kwa vichwa, kwa heshima. Nikanogewa.

"Tukimpata wa kwanza tukamfunga mdomo," nikasema, "uvumi unakufa."

Nikaanza kuuliza kila mtu alisikia kwa nani, nikichora mishale. Mzee Bett alisikia kwa Ouma, karani anayepima majani. Ouma alisikia kwa mke wake. Mke wake alisikia kisimani kwa mama Chelangat. Mama Chelangat akasema aliambiwa na binti yake, aliye kidato cha tatu. Darasa langu.

Nikamwita binti mwenyewe, Chelangat, aliyekuwa nyuma ya mama yake, kwa sauti ya ukali. Nani alikuambia?

Akatazama chini. "Ni wewe, mwalimu. Jumatatu, kwa ubao. Ulisema, 'Tuseme lori haliji Ijumaa. Habari itafikia watu wangapi?'"

Kumbe lile "tuseme" lilianguka njiani kabla ya kufika kisimani.

Mama Chepkoech akachukua kalamu mkononi mwangu, akachora mshale wa mwisho mwenyewe, akaandika jina langu kwa herufi kubwa.

"Hesabu yako ni nzuri, mwalimu," akasema. "Imekupata."

Walicheka mpaka Ouma akashikilia mizani asianguke. Kisha nikapewa adhabu: nipite nyumba kwa nyumba kutangaza kwamba lori litakuja Jumatatu. Nimetembea mchana kutwa. Kila boma wananiuliza, "Ni kweli, ama ni tuseme?"

Nimefika nyumbani miguu ikiwaka moto. Mke wangu amenipokea akilia. Amesikia nimefutwa kazi.

Chekeni, lakini hukohuko. Msimwambie mtu.